Kurekebisha mnyororo wa snapshoti uliokatika

Umeme unapokatika hapa Goma na betri za akiba zikiwa zimechoka, seva huzimika kabla jenereta haijawashwa, wakati mwingine katikati ya kazi ya kuunganisha snapshoti (faili inayoweka mabadiliko ya diski tangu wakati fulani) na diski mama, yaani diski ya asili iliyo chini yake. Kesho yake mashine pepe, yaani kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya seva, hukataa kuwaka, ikieleza kwamba diski mama imebadilika tangu mtoto wake, yaani diski ya snapshoti, alipoundwa. Niliukuta ujumbe huo katika ofisi moja ya mjini, mama mhasibu akiwa amesimama mlangoni akiuliza kama hesabu za mishahara zimepotea. Nilimjibu kwamba bado hatujui, na kwamba kwanza hakuna atakayegusa kitu.

Maelezo haya yanahusu VMware ESXi, programu ya seva inayoendesha mashine pepe. Usijaribu tena kuiwasha mashine, usitengeneze snapshoti mpya, wala usiamuru snapshoti ziunganishwe. Nakili folda nzima ya mashine hiyo kwenye diski nyingine, hata kama itachukua usiku mzima, kwa sababu kila hatua inayofuata inaweza kukosewa.

Snapshoti si nakala ya diski. Huhifadhi vipande vilivyobadilika tu, na kipande ambacho hakikubadilika husomwa kwa mzazi wake, yaani diski iliyoitangulia; diski zinazotegemeana hivyo ndizo mnyororo. Kila diski katika mnyororo ina faili ndogo ya maandishi inayoieleza na faili kubwa yenye data. Hiyo kubwa usiifungue kamwe kwa kihariri. Fungua faili ya mashine yenye kiambishi .vmx uone inatumia diski ipi, tuseme hesabu-000002.vmdk, kisha panda kutoka hapo ukifuata, katika kila faili ndogo, mstari wa parentFileNameHint unaotaja faili ya mzazi, mpaka ufike kwenye diski mama. Faili hizo pia zina CID, namba ya kutambulisha hali ya diski, na parentCID, namba ambayo mtoto anaitarajia kwa mzazi wake; parentCID ya diski mama huwa ffffffff kwa kuwa haina mzazi. Kwa kila kiungo, parentCID ya mtoto sharti ilingane na CID ya mzazi. Ukikuta hesabu-000001 inasema parentCID=4c1f09ab ilhali mzazi wake anasema CID=7e20d3c5, hapo ndipo mnyororo ulipokatikia; faili ya kumbukumbu za matukio, vmware.log, iliyo katika folda hiyohiyo kwa kawaida hutaja jina la diski yenye tatizo.

Kabla ya kusahihisha namba, tafuta sababu ya kutofautiana kwake, kwani hapa ndipo mafundi wengi wanapokimbilia mbele. CID hubadilika diski inapofunguliwa na kuandikwa kwa mara ya kwanza. Ikiwa kilichoandika ni kazi ya kuunganisha iliyokatizwa, vipande vilivyoingia kwa mama ni vilevile ambavyo mtoto bado anavyo, kwa hiyo data husomeka sawasawa. Lakini ikiwa mtu aliiwasha mashine kwa diski mama peke yake ili atoe faili moja, vipande vya nyakati mbili vimechanganyika, na hakuna namba itakayovitenganisha. Tazama tarehe ya mwisho ya faili ya -flat.vmdk, ile kubwa yenye data ya diski mama, uilinganishe na saa ya kukatika kwa umeme, kisha waulize wenzako bila kuwatisha, ili wakuambie kweli.

Ukisharidhika, badilisha parentCID ya mtoto ifanane na CID ya mzazi, ukitumia kihariri cha maandishi kiitwacho vi, baada ya kuweka kando nakala ya faili hiyo ndogo. Mzazi mwache alivyo. Kagua mnyororo kwa amri ya ESXi ya kushughulikia diski, vmkfstools -e hesabu-000002.vmdk, na mnyororo ukikubalika, usiharakishe kuwasha. Mimi huunda kwanza diski moja nzima isiyo na mnyororo kwa vmkfstools -i hesabu-000002.vmdk hesabu-mpya.vmdk, nikiipeleka kwenye hifadhi yenye nafasi ya kutosha, kisha naiunga kwenye mashine mpya iliyotenganishwa na mtandao. Hapo nakagua mfumo wa faili, halafu hifadhidata yenyewe kwa chombo chake cha ukaguzi, kwa maana mashine inaweza kuwaka vizuri huku majedwali yake yameharibika.

Mwishowe mketishe mhasibu mbele ya kompyuta afungue mwezi wa mwisho alioufunga na alinganishe jumla na karatasi alizochapisha. Zisipolingana, rudi kwenye nakala ya akiba ya mwisho iliyo nzima. Folda ya zamani usiifute mpaka akuthibitishie kwamba hesabu zimekamilika.