Kufunga breka kwa kuvizia sifuri kwenye laini ndefu za 400 kV

Wakuu habari zenu. Kuna dogo aliniuliza juzi kwa nini laini ikiwashwa tu, haina hata mzigo, vikombe (vihami vya laini) vinapiga cheche kule mwisho ambako breka, ile swichi kubwa ya laini, bado iko wazi, yaani haijaunganisha (kuifunga ndo kuunganisha), nikaona niandike yote hapa.

Chukua laini ya Loiyangalani mpaka Suswa kule Kenya, ile inayoshusha umeme wa upepo wa Turkana, kilomita kama 430. Kilele cha volteji, fezi kwa ardhi, ni 327 kV hivi. Ukifunga breka pale pale kileleni wimbi linaondoka karibu na kasi ya mwanga, milisekunde moja na nusu tu liko upande wa pili, linakuta breka iko wazi, halina pa kupita, linageuka na volteji inakuwa mara mbili, 650 na ushee. Rikloza, yaani kuifunga tena laini mara tu baada ya kukatika, ndo balaa zaidi. Laini imetoka kukatika, imebaki na chaji ya tuseme -327, wewe unaifunga kwenye +327, tofauti 654, ikifika mwisho inaruka mara mbili 1308, toa ile 327, unabaki na kama 980. Na vifaa vya ngazi hii vingi vimepimwa kuhimili 950 au 1050 kwa mruko wa aina hiyo!

Zamani dawa ilikuwa rezista za kufungia, ohm 400 hivi, zinatangulia milisekunde kama 10 ndo kontakti kuu zifuate. Zinafanya kazi vizuri ila ni vyuma vya ziada vinavyotembea juu kule na sevisi yake ni shughuli. Siku hizi tunaweka relei ya kuvizia sifuri, kifaa kinachochelewesha amri ili breka ifunge pale volteji inapopita sifuri.

Hatua ya 1: kila fezi iwe na mashine yake ya kufunga, maana sifuri za fezi tatu hazifiki pamoja, zinapishana 3.3 ms (milisekunde).

Hatua ya 2, na hapa msiwe na haraka: pima muda wa kufunga kila fezi, mara nyingi, asubuhi kukiwa baridi, mchana, na betri ikiwa imeshuka. Kituo kimoja tulipima mchana wa jua kali tu, ikatoka 62 ms safi kabisa tukaondoka tumefurahi, kumbe asubuhi moja ya baridi fezi ya bluu ikachelewa 2 ms. Kwenye rekoda inayochora volteji, nyekundu na njano zimeingia taratibu, bluu ina jino refu limesimama kama msumari. 2 ms tu kutoka sifuri na tayari uko asilimia 59 ya kilele. Iliniuma sana ile.

Hatua ya 3: hesabu. Sifuri zinakuja kila 10 ms, breka inatumia 62, basi relei ikishaona sifuri isubiri 8 ndo itoe amri, jumla 70, unaangukia sifuri nyingine.

Hatua ya 4: cheche inawaka kabla chuma hakijagusa chuma, kwa hiyo lenga cheche. Kwenye sifuri volteji ya laini hii inapanda karibu 103 kV kila milisekunde, breka ambayo nafasi kati ya kontakti zake, wakati zinakaribiana, inapoteza uwezo wa kuzuia cheche polepole kuliko hapo haiwezi kuipata sifuri kamili.

Hatua ya 5: washa, soma rekoda, rekebisha. Aresta (vile vifaa vya kumwaga volteji iliyozidi ardhini) za ncha zote mbili usizitoe.

MASWALI

Kaka, na reakta (ile koili kubwa) nafunga kwenye sifuri?
— Hapana mdogo wangu, reakta ni kileleni. Ukifunga kwenye sifuri mkondo unaegemea upande mmoja. Kapasita ndo sifuri.

Mkuu, kwenye rikloza relei inajuaje chaji iliyobaki wakati VT (kipima volteji) ya kapasita haioni DC, volteji iliyotulia isiyopanda na kushuka?
— Swali zuri. Inakumbuka volteji ilikuwaje sekunde ile breka inafunguka. VT ya sumaku yenyewe inaimwaga chaji ardhini. Na kama laini ina reakta, volteji inayumba, inavimba na kusinyaa, relei inavizia pale tofauti ya pande mbili za breka ni ndogo.

Breka yetu imekaa miezi 6 haijaguswa, setingi za zamani zinafaa?
— Usiziamini bado. Breka iliyolala inachelewa, hasa mara ya kwanza. Omba ruhusa, itenge, na pima ile mara ya kwanza kabisa kabla hujaichezesha chezesha, maana hiyo ndo namba unayoitaka.