Kabla ya kuandika "tulijihami" katika kesi ya setilaiti

Wanafunzi wangu wa sheria, katika kesi za mfano za kufanyia mazoezi, hukosea palepale kila mwaka. Wakipewa mzozo wa setilaiti, sentensi ya kwanza ni "mteja wetu alijihami". Subirini, wanangu.

Anzeni na Mkataba wa Anga za Juu wa 1967, ibara ya 3. Hiyo ndiyo inayoufikisha huko juu Mkataba wa Umoja wa Mataifa, pamoja na ibara yake ya 51 inayotoa haki ya kujihami. Ukiiruka, jaji atakuuliza haki hiyo umeitoa wapi.

Kisha thibitisha shambulio la silaha. Katika kesi ya Nicaragua, 1986, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya The Hague ilitenganisha matumizi ya nguvu yaliyo mazito kabisa, ambayo ndiyo shambulio la silaha, na yaliyo hafifu. Kuvuruga mawimbi ya setilaiti kwa saa mbili ni uchokozi, ila mimi sikubali ujibiwe kwa kombora. Tafuta pia barua ya kuliarifu Baraza la Usalama; ibara ya 51 inaidai.

Kazi kubwa iko kwenye uwiano, yaani jibu lisizidi kinachohitajika kujihami. Tarehe 15 Novemba 2021 Urusi iliilipua setilaiti yake yenyewe, Cosmos 1408. Vikazaliwa vipande zaidi ya 1,500 vinavyoonekana na rada, na watu saba wa Kituo cha Kimataifa cha Anga, Warusi wawili wakiwemo, wakakimbilia kwenye vyombo vyao vya kurudia duniani. Hilo lilikuwa jaribio tu, hakuna aliyekuwa vitani! Kwa hiyo usipime hasara ya adui peke yake. Taja kimo: vipande vya kilomita 480 hivi huanguka mapema, lakini vya setilaiti ya China iliyolipuliwa 2007, karibu kilomita 850 juu, vingi bado vinazunguka. Taja na wasiohusika, maana ibara ya 9 ya Mkataba wa Anga za Juu inataka maslahi yao yazingatiwe. Kenya, kwa mfano, ilirusha setilaiti yake Taifa-1 Aprili 2023. Aya hii ipeni nusu ya muda wenu.

Mwishoni leteni azimio 77/41 la Baraza Kuu, Desemba 2022: nchi 155 ziliunga mkono kuachana na majaribio ya makombora ya kulipua setilaiti, 9 zikapinga. Msiliite sheria, kwa sababu halifungi nchi yoyote, nalo linahusu majaribio, si vita. Mpinzani wako analijua hilo. Liseme wewe kwanza.