"Borrow" na "lend": angalia kitu kinatoka mkononi mwa nani

Msimu wa kupulizia mikorosho ukifika hapa Mtwara, mashine moja ya salfa huzunguka mashamba matatu, manne. Wanafunzi wangu wa jioni wanaijua habari hiyo tangu utotoni, ndiyo maana naitumia kufundishia maneno ya Kiingereza borrow na lend.

Hatua ya kwanza: jua kosa la kuyachanganya maneno haya mawili linakotoka. Si uvivu. "Kuazima" kwetu kunabeba pande zote mbili: "nimeazima mashine kwa Asha", na pia "Asha ameniazima mashine". Aliyekulia kwenye neno hilo ni rahisi kukosea na kusema "borrow me your pen".

Hatua ya pili: weka "azima" pembeni, shika "kopa" na "kopesha", hata kama kitu chenyewe si pesa. Panapofaa kukopa, ni borrow. Panapofaa kukopesha, ni lend. "Niazime kalamu" maana yake nikopeshe: Lend me your pen. "Naomba kuazima kalamu yako" maana yake nikope mimi: Can I borrow your pen? Kalamu ni ileile, mtendaji ndiye aliyebadilika. Lend ni ya mwenye kitu, borrow ni ya mwenye shida.

Hapa sina haraka. Nawaita wawili mbele, mmoja ana rula. Rula ikiwa bado imeshikwa na mikono yote miwili, kila mmoja aseme yake: "I am lending Juma a ruler." "I am borrowing a ruler from Asha." Wakipeana kimya, tunaanza upya.

Hatua ya tatu: borrow hufuatwa na kitu, kisha from. Lend hufuatwa na mtu moja kwa moja, au kitu kisha to. Wakati uliopita ni borrowed na lent, "lended" hakuna.

Jembe tunaliazima, litarudi lilelile. Sukari tunaikopa, itarudi nyingine. Kiingereza hakitenganishi hivyo: vyote ni borrow, na hela ya benki pia. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika barua ya kuomba mkopo: "I want to lend 200,000 shillings." Aliyehitaji hela akajiandika mkopeshaji! Tulishukuru kuiona kabla haijafika dirishani.

Jaribu hii: "Kaka aliazima baiskeli kwa jirani, kisha akaniazima mimi." Ukipata "My brother borrowed a bicycle from a neighbour, then lent it to me", nenda kwenye zoezi linalofuata.