Kabla hujang'oa masega ya gari, pima kwanza kama kweli yameziba

Gari imekosa nguvu, kilima kidogo tu inalia, unakanyaga mpaka chini lakini mshale unapanda kwa kusuasua, na mtu wa kwanza unayemuuliza anakwambia toa masega hayo (kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi, kwa Kiingereza catalytic converter) gari ipumue. Ushauri huu umezagaa kwa sababu ni mwepesi na kuna watu wametoa wakarudi wanasifia kwamba gari sasa inaruka, wakati wengine wametoa hawajaona kitu zaidi ya kelele. Na wote wanasema kweli bana, ila yule wa kwanza masega yake yalikuwa yameziba na huyu wa pili yalikuwa yanapitisha moshi vizuri tu.

Tuanze na chombo chenyewe. Ndani ya lile kopo la chuma lililoko kati ya injini na sailensa kuna kipande cha kauri chenye vitundu vidogo vilivyonyooka, mara nyingi kama 400 kwa kila inchi ya mraba, mengine 600, na kuta za hivyo vitundu zimepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu kiduchu sana. Moshi ukipita humo kaboni monoksidi (gesi ya sumu isiyo na harufu) na mafuta ambayo hayakuungua yanamaliziwa kuungua, na oksidi za naitrojeni zinavunjwa zinabaki naitrojeni ya kawaida. Haianzi kazi hiyo mpaka ipate joto la nyuzi 250 mpaka 300 hivi za Selsiasi, ndo maana gari ikiwashwa asubuhi inanuka kuliko ikishatembea.

Sifa ya kubana injini imetoka mbali. Marekani masega yalianza kufungwa kwa wingi kwenye magari ya modeli ya 1975, Ulaya magari mapya ya petroli yakafuata 1993, na yale ya mwanzo kweli yalikuwa yanabana. Ya siku hizi injinia ameshayapigia hesabu pamoja na bomba zima, kwa hiyo kwenye injini ya kawaida isiyo na turbo (feni inayozungushwa na moshi ili kusukuma hewa kwenye injini) ukitoa masega ambayo hayajaziba unapata hp (nguvu za farasi) chache ambazo mguu wako hauwezi kuzisikia. Unachosikia ni kelele, na kelele inadanganya sana, gari ikinguruma tu mtu anaona inakimbia. Kwenye turbo ni tofauti kidogo, turbo inapenda moshi utoke bila kizuizi nyuma yake kwa hiyo faida inaonekana zaidi, hasa kama na programu ya kompyuta imebadilishwa, lakini hata huko wanaojua kazi yao wanafunga masega ya michezo yenye vitundu vikubwa zaidi, 200 kwa inchi ya mraba, hawaachi bomba tupu.

Kwa hiyo swali lako la kwanza ni moja tu, je yameziba?

Anza na mashine ya kusoma kodi, yaani namba za makosa ambazo kompyuta ya gari inazitunza. Ukikuta P0420, au P0430 kwa injini yenye pande mbili, usikimbilie kusema yameziba, hapa ndo watu wengi wanapotea. Kodi hiyo inasema masega hayasafishi moshi inavyotakiwa, haisemi kitu kuhusu kupitisha. Masega yanaweza kuwa yamekufa kabisa kikazi na moshi ukapita kama kawaida, ukiyatoa hayo nguvu haiongezeki hata chembe. Pia kodi hiyo inaweza kuletwa na sensa ya oksijeni ya nyuma iliyochoka (ya mbele iko kabla ya masega, ya nyuma iko baada yake) au bomba linalovuja kabla ya sensa. Angalia voti za sensa mbili za oksijeni injini ikiwa ya moto, kwa magari yenye sensa za kawaida ile ya mbele inacheza harakaharaka kati ya kama 0.1 na 0.9, ya nyuma inatakiwa itulie. Ikiwa ya nyuma inacheza sambamba na ya mbele basi masega hayafanyi kazi. Kuziba kunapimwa kwa presha.

Kipimo cha presha ni hiki. Injini ikiwa imepoa fungua sensa ya oksijeni ya mbele (spana yake kwa kawaida ni namba 22, ile yenye mpasuko ubavuni wa kupitishia waya), ikigoma weka mafuta ya kulainisha kutu uiache kwanza, usiilazimishe ukaharibu nyuzi za tundu. Kwenye tundu hilo funga geji ya presha ndogo yenye adapta yake, washa injini. Ikiwa silensi, hujakanyaga kitu, presha isizidi kama psi (kipimo cha presha) 1.5. Panda mpaka 2500 RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) ushikilie hapo, isizidi kama 3. Ukiona geji inapanda 5, 6, 8, basi kuna kitu kimeziba kuanzia hapo kwenda nyuma. Nimesema kuanzia hapo kwenda nyuma makusudi, manake inaweza kuwa sailensa imeanguka ndani au bomba limebondwa na jiwe, legeza bomba nyuma ya masega upime tena, kama presha imeshuka kosa liko nyuma na masega yako hayana hatia.

Huna geji hiyo, tumia ya vakyumu, inayopima jinsi injini inavyofyonza hewa. Ichomeke kwenye mpira wa vakyumu wa intek manifoldi (bomba la kuingizia hewa kwenye injini), injini isiyo na tatizo ikiwa silensi inasoma kama inchi 17 mpaka 21 za zebaki. Panda 2500 ushikilie kwa muda huku unautazama mshale, ukirudi ukakaa karibu na pale ulipokuwa kwenye silensi uko salama, ukianza kushuka taratibu, taratibu, bila wewe kubadilisha mguu, moshi unarundikana hauna pa kutokea. Napenda kipimo hiki kwa sababu hakihitaji kufungua sensa yenye kutu.

Kugonga kopo na nyundo ya mpira kunasaidia upande mmoja tu, ukisikia vipande vinacheza ndani basi kauri imevunjika, usiposikia kitu haina maana ni nzima. Kipimajoto cha kuelekeza kwa mbali watu wanakipenda, mimi sikiamini sana, kinasoma joto la ganda la nje na majibu yanabadilika kwa kila gari.

Sasa tuseme umepima na kweli yameziba. Usikimbilie bisibisi, jiulize nani kayaua, maana masega hayafi yenyewe kirahisi. Muuaji namba moja ni injini inayomisi. Plagi au koili ikifa, petroli mbichi inatoka kwenye silinda inaenda kuungua ndani ya masega, joto linapita nyuzi 1000 na kauri inayeyuka inakuwa bonge. Ndo maana taa ya cheki injini ikianza kuwakawaka badala ya kuwaka tu inatakiwa uache kukanyaga na uzime mapema, hiyo taa inakwambia masega yanapikwa sasa hivi. Wa pili ni injini inayokula oili, fosforasi iliyomo kwenye oili inafunika ile platinamu na masizi yanaziba vitundu. Wengine ni maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda kwa gasketi iliyoungua, injekta inayovuja, na silikoni ya kuzibia ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya sensa za oksijeni. Ukifunga mapya bila kutibu hayo utarudi hapo hapo.

Kuyafungua siyo kazi kubwa kama yamefungwa kwa bolti, shida ni kutu tu. Ekzosi iwe imepoa kabisa, gari iwe juu ya stendi siyo jeki peke yake, chomoa soketi za sensa kwanza usije ukakata waya, nyunyizia bolti mafuta ya kutu usiku kucha kama una muda. Toa, elekeza tochi upande mmoja uchungulie upande wa pili. Mwanga ukipita sawasawa kwenye vitundu vyote vya kipande kilichonyooka basi hayajaziba, ukiona giza, uso ulioyeyuka au jivu limejaa, umepata jibu kwa macho yako. Wakati wa kurudisha weka gasketi mpya. Yale yaliyochomelewa au yaliyoungana na manifoldi ya ekzosi peleka kwa fundi wa ekzosi.

Kuna mtindo wa kubomoa kauri kwa nondo na kurudisha kopo tupu ili nje lionekane zima. Sishauri. Vumbi lake na zile nyuzi zilizozungushwa pembeni ni mbaya kwa mapafu, kopo tupu linaunda mzunguko wa moshi na mlio wa bati, na sensa ya nyuma inajua mara moja, taa inawaka, na kwa magari mengine kompyuta inatumia sensa hiyo kurekebisha mafuta kwa hiyo ulaji unaweza kubadilika. Vile vikorombwezo vya kusogeza sensa mbali na moshi vinazima taa tu. Na moshi bila masega una kaboni monoksidi nyingi zaidi, bomba likivuja chini ya sakafu unaivuta wewe na abiria wako bila kusikia harufu. Sheria nayo, nchi nyingi zimekataza kuyatoa kwa gari la barabarani na ukaguzi wa moshi utakukamata.

Halafu kuna hili ambalo mafundi wengine hawalisemi, masega ya zamani yana thamani kwa sababu ya yale madini, ndo maana yanaibwa. Anayekushawishi uyatoe bure na kukusaidia kuyatupa, muulize anayatupa wapi. Ukibadilisha ondoka na kopo lako.

Mapya yakishafungwa washa injini ukae karibu usikilize kwenye maungio, mlio wa tsi tsi tsi wakati injini bado ya baridi ni uvujaji, kaza au badilisha gasketi. Yanaweza kutoa harufu na moshi kidogo mara ya kwanza, ni mafuta ya kiwandani yanaungua. Futa kodi, endesha siku kadhaa mjini na barabara ndefu ili kompyuta imalize vipimo vyake, halafu rudisha geji ya vakyumu usome tena pale 2500.