SOMO: Kukusanya stempu za farasi bila kupigwa

Haya wakuu, hili nimeulizwa sana sasa naliandika mara moja.

Hatua ya 1: chagua ni farasi gani. Usiseme unakusanya farasi wote, utachoka na hela itaisha. Mimi nimejifunga na farasi wa barua tu. Kuna ile ya Marekani ya senti 2, mwaka 1869, jamaa yuko juu ya farasi anakimbiza barua, na watu wa enzi hizo waliiponda seti nzima eti mbona hakuna sura za viongozi kama tulivyozoea, haikumaliza hata miaka miwili ikabadilishwa. Leo tunaitafuta kwa tochi. Mfuko ukiwa mwembamba anza na stempu za Marekani za Pony Express (ile huduma ya kupeleka barua kwa farasi), ya 1940 na ya 1960, hizo zilichapwa nyingi mno bei poa. Pony Express yenyewe iliishi miezi 18 tu, 1860 hadi 1861, telegrafu (simu ya maandishi ya waya) ilipofika California basi, farasi wakarudi zizini.

Ukitaka urembo, Uingereza 1978 walitoa farasi wanne, au China mwaka huohuo, stempu 10 za farasi wanaokimbia wa mchoraji Xu Beihong, michoro ya wino mpaka unasikia kwato.

Hatua ya 2: kibano chenye ncha bapa (cha nyusi hapana, kinatoboa), lensi, na albamu ya kuchomeka. Vidole vina mafuta, viweke mbali.

Hatua ya 3: kubandua. Kata bahasha uache karatasi kidogo pembeni, loweka maji ya uvuguvugu kama dakika 20, subiri iachie yenyewe USIVUTE, kisha ilaze kifudifudi kwenye karatasi nyeupe, ikikauka ibane ndani ya kitabu kizito. Bahasha ya rangi loweka peke yake jamani, mimi niliwahi kutumbukiza bahasha nyekundu ya Krismasi pamoja na farasi wangu watatu weupe, wakatoka wote wa pinki. Zile za stika za siku hizi nyingi hazitoki kwa maji, ziache na kipande cha bahasha yake.

MASWALI YA WADAU

Mkuu nina farasi wa Ajman na Fujeira (zile falme ndogo za Uarabuni), mhuri safi kabisa kwenye kona, nimeula?
– Pole. Geuza nyuma, gundi bado ipo si ndiyo? Basi haijawahi kubeba barua, ule mhuri ulipigwa kabla haijauzwa. Miaka ya 60 hadi 1972 zilimwagwa kwa ajili ya wakusanyaji tu. Mpe mtoto aanzie hapo. Na ukiona imeandikwa "State of Oman" au "Dhufar" hiyo hata stempu siyo, posta ya Oman haikuitoa.

Punda milia anahesabika?
– Ukoo mmoja na farasi, kwenye albamu yako nani atakukataza. Mimi nimempa ukurasa wa nyuma.

Samahani mkuu, hizo "Seahorses" za Uingereza ni yule samaki?
– Hapana hahaha, ni farasi kabisa wanavuta gari la Britannia (mwanamke wa kuchorwa anayewakilisha Uingereza) kwenye mawimbi, 1913. Thamani iliyochapwa juu yake inaanzia shilingi 2 na nusu za Uingereza hadi pauni 1, na hiyo ya pauni usiinunue kwa picha ya simu, wewe bado mgeni.