Riwaya ya ukoo inayorukaruka miaka, isome hivi

Watu wa Tanga ukoo kuujua sio shida, kaa na bibi barazani Ngamiani utaambiwa nani kamzaa nani mpaka uchoke, sasa iweje riwaya ya vizazi vinne ikushinde eti kisa imeanzia kwa mjukuu ikarudi kwa babu?

Chukua karatasi, chora ukoo mdogomdogo kadiri watu wanavyotokea. Ila majina bwana! Huku kwetu mjukuu anapewa jina la babu na waandishi wanalipenda sana hilo, kwa hiyo kila Omari muandikie pembeni mkewe au kazi yake, hutowachanganya.

Miaka sasa. Mara nyingi hutajiwi, unaachiwa vitu. Ukiona wanalipana rupia jua bado ni Mjerumani au Mwingereza ndo kwanza kaingia, maana Tanga kaichukua 1916 na shilingi imekuja mwanzoni mwa miaka ya 1920. Mashamba ya mkonge yakitaifishwa hapo ni baada ya Azimio la Arusha, 1967. Kijana kaenda vita ya Kagera, hiyo 1978 au 1979. Andika mwaka kwa penseli juu ya sura, kama kitabu ni chako lakini.

Usizipange sura kwa tarehe usomaji wa kwanza, naona ni uharibifu kabisa, mwandishi, tuseme, kakificha kifo cha mama wa ukoo huo makusudi ili kwanza ucheke nae. Ukipotea rudi kurasa chache, ikigoma we songa tu, huko mbele itafunguka.