Jinsi ya kusoma wingu la radi ukiwa umeanika korosho

Nalima korosho Newala, upande wa ukingo unaotazama bonde la Ruvuma. Simama Shimo la Mungu, pale ukingoni penyewe, saa nane mchana, mwezi wa kumi na mbili, utaliona wingu likizaliwa huku turubai lako la korosho liko nyumbani juani. Mwaka mmoja nililiona moja nikajisemea, hilo ni la Msumbiji, halivuki. Likavuka. Magunia manne yakaloa, na ghalani yakaingia daraja la pili. Tangu hapo naangalia juu kwa utaratibu.

Anza asubuhi. Kukiwa na fukuto na jasho halikauki, jua kwamba hewa imebeba mvuke mwingi. Jua likishaichoma ardhi, hewa ya chini inakuwa nyepesi na kupanda. Na huku kwetu upepo unaotoka bondeni ukikutana na ukingo hauna njia ila kwenda juu. Hewa inayopanda inapoa, kama nyuzi 10 za Selsiasi kwa kila kilomita moja, mpaka mvuke ugeuke matone. Ndiyo maana tako la wingu limenyooka kama lililokatwa kwa kisu. Mvuke unapogeuka matone unarudisha joto lake, basi hewa iliyo ndani ya wingu inabaki na joto kuliko iliyo jirani, na inazidi kupanda. Wingu linajichochea lenyewe.

Sasa tazama kichwa chake, usitazame weusi wa chini. Kikiwa kimevimba kama povu la sabuni, kingo zake kali, bado linakua, na una muda wa kuanza kuzoa. Kingo zikianza kufifia na kuchanika kama pamba iliyovutwa, huko juu maji yameshakuwa barafu. Kwenye nchi za joto kama yetu kichwa hicho hufika hata kilomita 15 juu, kisha kikishindwa kupanda zaidi kinatanda pembeni kama fuawe la mhunzi. Vipande vya barafu vikigongana humo ndani vinatenganisha chaji za umeme. Hiyo ndiyo radi.

Radi ikimulika, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, kisha gawa kwa 3. Sekunde 9 ni kilomita 3. Chini ya sekunde 30 acha kuokota, ingia kwenye nyumba yenye kuta, na usitoke mpaka zipite dakika 30 bila ngurumo. Chini ya mkorosho siyo mahali pa kujificha, hata kama mvua haikufikii.

Dalili ya mwisho ni upepo wa baridi usoni, unanuka udongo ulioloa. Hiyo ni hewa iliyoshuka na mvua mahali jirani, imegonga ardhi na kutawanyika. Ukishauhisi, usikunje turubai vizuri. Vuta pembe nne, funika, kimbia.

Mjukuu wangu huangalia tonado za Marekani kwenye simu, akaniuliza mbona wingu letu halishushi mkonga kama lile. Nilichukua penseli yake, nikaiweka katikati ya viganja na kusukuma kiganja cha juu mbele. Penseli ikabiringika. Hewa nayo hufanya hivyo pale upepo wa juu unapokwenda kasi kuliko wa chini, tena kwa mwelekeo mwingine: katikati inabiringika ikiwa imelala. Wingu lenye nguvu likiivuta juu, ile penseli inasimama wima, na sasa wingu zima linazunguka. Mzunguko huo ukibanwa mpaka ukawa mwembamba, unakwenda kasi zaidi, na ukigusa ardhi ndiyo tonado. Hata mawingu yanayozunguka, mengi yanapita bila kuishusha.

Kwenye tambarare za kati za Marekani, mvuke wa Ghuba ya Meksiko hukutana na hewa kavu ya magharibi, na juu yake pana upepo mkali. Kwa mwaka nchi hiyo huhesabu tonado zaidi ya 1,000. Upepo huo pia unaliinamisha wingu, mvua yake ikaangukia pembeni, nalo likaishi saa nyingi. Kwetu upepo wa juu mara nyingi ni dhaifu. Wingu linasimama wima, mvua inaanguka juu ya hewa ileile inayolilisha, na lisipozaa jingine jirani, kwa saa moja hivi limekufa.

Msichanganye majina, maana redio zetu nazo huchanganya. Kile kisulisuli kinachopeperusha majani makavu shambani mwezi wa kumi kinatoka chini, kwenye udongo wa moto, mbingu ikiwa nyeupe, hakina wingu. Kimbunga kama Kenneth wa Aprili 2019 au Hidaya wa Mei 2024 kinatoka baharini, upana wake ni mamia ya kilomita, na Mamlaka ya Hali ya Hewa huanza kukitangaza siku kadhaa kabla. Wavuvi wa Mikindani wakiona nguzo ya maji inaning'inia kutoka kwenye wingu juu ya bahari, hiyo ni ndugu wa tonado, kwa kawaida mnyonge, isiyohitaji wingu linalozunguka. Waikwepe tu kwa kukata pembeni ya njia yake.

Mimi nikiona kichwa kimeanza kuchanika, naita watoto.